Barua kwa Somo: “Ndiye Huyo Anayepiga Kelele?”

SWALI

Kwako Somo,

Assalaam alaykum. Mimi ni msichana wa miaka 29, mkazi wa Langoni, Lamu, na kazi yangu ni kuandika hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi. Nimeitaja kazi kwa sababu ndiyo tabia yangu pia: kila jambo langu lina ukurasa wake, na mama husema kwamba siku pekee niliyochelewa ni siku ya kuzaliwa.

Shangazi yangu, ambaye amenilea pamoja na mama tangu baba alipofariki, ameniletea wachumba wanne katika miaka miwili. Wa nne, mfanyabiashara wa Malindi aliyefiwa na mkewe, alikuwa mtu wa heshima, na sikuwa na sababu ya kumkataa isipokuwa kwamba sikumtaka. Shangazi alipopiga simu kutaka jawabu nilikuwa botini nikitoka Mokowe, nimebanwa kati ya gunia la viazi na mama mwenye kuku, na ulimi ukaniponyoka: nikamwambia kwamba nimekwisha kuahidiana na mtu. Akauliza ni nani. Wakati uleule nahodha, kijana ambaye gati nzima inamjua kwa sauti, alikuwa akiwafokea abiria wavae jaketi za kuokolea na waketi. Shangazi akaisikia sauti hiyo katika simu, akauliza, “Ndiye huyo anayepiga kelele?” Nami nikajibu, “Ndiye.”

Nahodha alisikia. Tuliposhuka alinifuata hadi juu ya ngazi za gati, nami nikawa tayari kuaibika, lakini hakucheka. Alisema kwamba kaka yake, mwenye nusu ya chombo, amekataa kumwandikia hisa zake mpaka atulie, na katika ukoo wao kutulia maana yake ni kuposa. Tukapatana kwamba tungejifanya wachumba kwa wiki sita, hadi harusi ya binamu yangu, bintiye shangazi, iliyopangwa kufanyika Mfunguo Sita baada ya Maulidi, wakati jamaa wote wapo. Binamu peke yake ndiye tuliyemwambia.

Masharti niliyaandika mimi. Tusikae faragha hata mara moja. Akija nyumbani akomee dakani. Afike saa 10 kamili alasiri, kwa kuwa mimi hutoka kazini saa 9. Asiimbe mbele ya ami yangu. Zawadi isizidi shilingi 200. Na wa kwanza kuuzoea mchezo huu amwambie mwenzake ili uvunjwe. Hilo la mwisho aliliongeza yeye, nami niliona ni utani.

Somo, hatufanani kwa lolote. Mimi hunywa kahawa chungu kama ilivyo. Yeye huitia vijiko vitatu vya sukari, kisha huitafutia na kashata. Mimi husema nikiulizwa. Yeye huuliza, hujijibu, kisha hulicheka jibu lake. Mimi bahari hunitapisha. Yeye akitembea nchi kavu huyumba kama mlevi, ingawa hajapata kuonja kileo. Na saa hana. Alasiri zote huwapeleka wageni Takwa, na wiki ya kwanza niliandika nyakati alizofika: Jumatatu saa 10 kasoro dakika 5, Jumanne saa 10 na dakika 45, Jumatano saa 11 na dakika 35. Nilimwonya. Alhamisi, siku tuliyoalikwa chakula kwa ami, alifika saa 10 kamili.

Halafu ikatokea siku ya kwenda Matondoni kualika jamaa. Tulikuwa wanawake kumi chomboni, na kusi lilikuwa bado halijatulia. Nilipoanza kubadilika rangi alinihamisha akaniketisha tezini, nyuma ya chombo, akakata ndimu kwa kisu chake cha kamba, akanipa nusu ninuse na kuniambia niutazame ukingo wa mbali wa maji. Kisha akanyamaza safari nzima. Mtu yule, Somo, alinyamaza. Tuliposhuka nikaona ile nusu nyingine ameifunga katika kitambaa na kuitia mfukoni, na nilipomuuliza alisema ni ya kurudia.

Usiku wa kirumbizi, ngoma ya fimbo, ami alichangamka, akasema mbele ya watu wote, “Walii ni mimi, mashahidi wamejaa uwanja, shekhe huyu hapa. Tunangoja nini?” Watu wakashangilia. Kijana huyo, ambaye hutania hata na maaskari wa bandarini, aliacha kucheka. Akajibu kwamba mahari yake bado iko baharini inaogelea, akaomba radhi, akaenda kukunja majamvi ambayo bado watu walikuwa wameyakalia.

Harusi imekwisha na Ijumaa ijayo ndio mwisho wa mapatano. Mama yake amekwisha kutuletea sinia la halua na doti ya leso, na yule bwana wa Malindi amejitoa kwa adabu aliposikia kuwa nimeposwa. Nilimkumbusha nahodha tarehe kwa ujumbe wa simu, akajibu, “Sawa, bi mhasibu.” Tangu siku hiyo haimbi gatini. Nami nimefungua daftari na kukuta ukurasa wake hauna neno kwa siku kumi na moja, jambo ambalo halijatokea kwa mteja yeyote.

Je, posa hii ina uzito wowote katika dini na sheria? Je, naweza kumwambia lililo moyoni bila kujivunjia heshima, ilhali masharti ni yangu? Na wazee tutawaambiaje?

Mwenye Daftari,
Langoni, Lamu

JIBU

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa raha na mara ya tatu nikiwa na kalamu, maana mhasibu hujibiwa kwa hesabu.

Nianze na swali la kwanza, kwa kuwa ndilo lenye jibu la moja kwa moja. Posa si nikahi. Posa ni ahadi ya kuoana, na nikahi katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, inahitaji walii, mashahidi wawili, ijabu, yaani neno la kuozesha, kutoka kwa walii na kabuli, yaani neno la kukubali, kutoka kwa mume. Sinia la halua haliwezi kushika nafasi ya maneno hayo, wala uvumi wa mtaa mzima. Lakini yakishatamkwa kwa masharti yake, hakuna kicheko kinachoyafuta. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba yako mambo matatu ambayo kusudi lake ni kusudi na mzaha wake ni kusudi: nikahi, talaka na rejea, yaani kumrudia mke aliyeachwa.

Sasa urudi katika usiku ule wa kirumbizi ukiwa na hadithi hiyo mkononi. Ami yako ni walii wako kweli, mashahidi walikuwa tele, na kilichokuwa kimebaki ni sentensi moja kutoka kwa mzee aliyechangamka na sentensi nyingine kutoka kwa kijana anayependa kuchekesha watu. Wewe unaniambia kwamba aliacha kucheka, kana kwamba ni jambo la kushangaza. Mimi naliona hivi: katika uwanja mzima uliojaa watu wazima, huyo mpiga kelele ndiye peke yake aliyejua mzaha unaishia wapi, akajitoa kwa mzaha mwingine usiomvunjia ami heshima mbele ya wageni wake. Kukunja jamvi lililokaliwa si jambo la akili, nakubali, lakini mtu aliyeponea chupuchupu hushika chochote kilicho karibu.

Kwa hiyo huna ndoa, na huna dhambi ya ndoa ya mzaha. Ulichonacho ni uongo, na uongo huo una mdai. Dini inakataza mtu kuposa juu ya posa ya ndugu yake mpaka yule wa kwanza aache au aruhusu, na bwana wa Malindi alijitoa kwa kuitii amri hiyo. Alifunga mlango wake kwa ajili ya posa ambayo haikuwapo. Sisemi ungemkubali, ulikuwa na haki kamili ya kukataa, na neno “simtaki” lingetosha bila kuongezewa nahodha. Lakini mtu aliyekuheshimu hivyo anastahili kuambiwa ukweli kabla hajausikia katika basi la kwenda Malindi, na hili ndilo jambo pekee katika barua yako lililonikera.

Upande wa serikali nitaupitia haraka. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema kwamba ahadi ya kuoa haimfungi mtu, ingawa aliyepata hasara kwa kuvunjwa kwake anaweza kudai fidia. Na pale sheria hiyo inapogongana na sharia ya Kiislamu, Waislamu hufuata sharia yao. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikilizwa huko. Sioni mtu atakayekupeleka kwa kadhi kwa ajili ya halua. Leso irudishwe kwa mama yake ikiwa haijavaliwa. Halua bila shaka imekwisha kuliwa, na sinia, kama ujuavyo, halirudi tupu.

Tuje kwenye hesabu, ambako ndiko ulikokosea.

Umeniandikia nyakati tatu kama ushahidi wa mashtaka: saa 10 kasoro dakika 5, saa 10 na dakika 45, saa 11 na dakika 35. Chukua daftari utoe moja katika nyingine. Kutoka Jumatatu hadi Jumanne ni dakika 50, na kutoka Jumanne hadi Jumatano ni dakika 50. Mtu mvivu hachelewi kwa kipimo. Mwezi ndio unaochelewa hivyo, kadiri ya dakika 50 kila siku, na maji hufuata mwezi. Magofu ya Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17, yako mwisho wa hori lenye mikoko huko Manda, na chombo huingia humo maji yakijaa. Yakipwa hubaki tope, na nahodha aliyezubaa hulala huko na wageni wake pamoja na mbu. Basi kijana huyu alikuwa akirudi maji yalipomruhusu, akaja kwako moja kwa moja. Naye ana daftari, mwanangu, ila kurasa zake ni bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na madogo ya mwezi, nawe ulimsoma kwa saa ya ukutani.

Sasa fanya hesabu ya Alhamisi. Kwa mwendo uleule maji yalitaka afike saa 12 na dakika 25. Yeye alifika saa 10 kamili. Safari ya siku ile hakwenda, au alimwachia nahodha mwingine pamoja na fedha zake, ili asikuaibishe mbele ya ami yako. Wewe umeniandikia mstari mmoja tu, kwamba alifika kwa wakati baada ya kuonywa. Hukuandika popote alichokilipa, nawe ni mhasibu.

Vichekesho vya namna hii, vya watu wawili wasiofanana wanaojifanya wapenzi mpaka uongo ukawageukia, vimejaa katika runinga, na wazee wenzangu huvidharau kama upuuzi wa miji mikubwa. Mimi huvitazama, na nitakuambia kwa nini naviona vina akili kuliko vinavyodhaniwa. Posa zetu za kawaida huuliza ukoo, dini, kazi na tabia, na ni maswali mema ambayo sitaki yaachwe. Lakini haziulizi mtu hunywa kahawa yake na vijiko vingapi, wala hufanya nini mwenzake akichafukwa na moyo baharini. Anayejifanya mchumba hana budi kuyajua hayo, maana akiulizwa ghafla na wifi asipokuwa na jibu ameumbuka. Ili mdanganye vizuri ilibidi mchunguzane, na kuchunguzana huko ndiko ambako wengi hukuacha mpaka fungate imekwisha, wakashtuka.

Ila mwandishi wa vichekesho hivyo humweka msichana katika jiji ambalo jirani hamjui jirani, na hapo ndipo kisa chako kinapoachana na vyake. Ulimwekea kijana sharti la kukomea dakani, ukaona umejilinda. Daka, mwanangu, ni mahali pa kuonekana. Wageni huja kuyapiga picha madaka yetu, hasa tangu UNESCO ilipouingiza mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, lakini si wote wanaojua kazi ya viti vile viwili vya mawe mbele ya mlango: mgeni hupokewa pale bila kuiona nyumba ya ndani, na kila apitaye njiani humwona mgeni. Kwa muda wa wiki sita kila mwenye punda, kila mtoto wa chuoni na kila mama atokaye sokoni amemwona kijana yule amekaa mlangoni kwenu akitia sukari katika kahawa. Ulidhani umemweka nje ya nyumba, kumbe umemweka ndani ya mtaa. Kwa hiyo uvunjaji wenu hauwezi kuwa wa watu wawili na ujumbe wa simu.

Unauliza kama unaweza kusema lililo moyoni bila kujivunjia heshima. Bibi Khadija alikuwa tajiri wa biashara. Alimpeleka Mtume Sham na mali yake kabla ya utume, akaona hesabu imerudi kwa uaminifu, ndipo akamtuma Nafisa bint Munya apeleke neno la ndoa. Aliyeanza alikuwa mwanamke mwenye daftari. Kwa hiyo usiniambie habari ya heshima. Ila angalia kwamba alimtuma mtu, hakwenda gatini mwenyewe, nawe unaye binamu anayejua kisa chote, ambaye sasa ni mke wa mtu na anaweza kumtuma mumewe bila mtaa kuinua macho. Ujumbe uwe mfupi: kwamba sharti la mwisho, lile aliloliongeza yeye, limekuangukia wewe wa kwanza. Ikiwa ananyamaza kwa sababu ninayoishuku, ataelewa kabla mjumbe hajamaliza. Ikiwa sivyo, utakuwa umeaibika mbele ya watu wawili wanaokupenda, na hilo linavumilika.

Kisha uongo uvunjwe wote, hata kama mnapendana, na hapa sitakubali kubembelezwa. Najua mnachotamani: mkae kimya, posa ya uongo igeuke ya kweli polepole, na wazee wasijue kamwe kwamba kulikuwa na mbili. Itawarudia. Siku mtakapogombana kwa jambo dogo, mmoja wenu atamwambia mwenzake kwamba hata kuposa hakuposa, ila alisingiziwa botini, na neno hilo halitakuwa na jibu kwa kuwa litakuwa kweli. Mama yako aambiwe kwanza, peke yake, jioni asiyokuwa na wageni. Ami baadaye, na umwambie wewe mwenyewe. Naye kijana amwambie kaka yake ukweli, na ikiwa hisa zimekwisha kuandikwa kwa sababu ya posa, amwachie kaka aamue upya. Chombo kilichopatikana kwa hila hakitakuwa na raha hata kikijaa abiria. Baada ya hapo ziachwe siku chache tupu, ambazo wewe si mchumba wa mtu yeyote. Akitaka, atawatuma washenga wake wapande ngazi zenu kama washenga wa wengine, na ami atauliza maswali ambayo hakuyauliza mara ya kwanza.

Nawe uliza yako. Mimi siogopi ukimya wako na kelele zake. Mabaharia husema tezi na omo marejeo ni ngamani, na chombo chenye omo, yaani mbele, pande zote mbili sijui nahodha wake angekaa wapi. Ninachokiogopa ni mfuko. Wewe una mshahara kila mwisho wa mwezi, naye ana siku ya pishi na siku ya kibaba. Kusi likikaza katikati ya mwaka wageni hupungua, na chombo kinataka kutiwa deheni na injini inataka vipuri vilevile. Muulize anadaiwa nini na nani, hisa yake ni kiasi gani, na miezi hiyo hula wapi. Akikujibu kwa wimbo, mrudishie daftari. Akikujibu kwa tarakimu, hata zikiwa ndogo, umepata mtu wa kuandikiana naye.

SWALI

Kwako Somo,

Mimi ni mama mtu mzima wa Langoni, sina muda wa barua ndefu. Nina binti wa kaka yangu marehemu ambaye amejitia kuwa na mchumba, nahodha wa boti ya Mokowe. Nilijua kuwa ni uongo kabla simu haijakatika. Niliisikia sauti ya kijana ikisema, “Wewe mwenye daftari, keti, hapa si afisini!” Hakuna mwanamume katika Lamu hii aliyeposa akathubutu kumsemesha mchumba wake hivyo mbele ya abiria.

Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu boti ile naipanda miaka mingi, na sijaona nahodha mwingine anayewashika mkono vikongwe mmoja mmoja mpaka wa mwisho ashuke. Nikajisemea kwamba wakijifanya muda wa kutosha watachoka kujifanya. Mama yake kijana naye anajua. Ile halua tuliipika pamoja jikoni kwangu. Bwana wa Malindi nilimwondoa mimi, nikamwambia mtoto ameposwa, nikijua hakuposwa.

Sasa harusi imekwisha, na wote wawili wamenuna kama waliofiwa. Je, nina kosa kwa kunyamaza kwangu? Na niwaambie kwamba nilijua, au niwaache waje kuniungamia? Chapisha, hata wakinijua.

Shangazi Mtu

JIBU

Dada yangu, salaam. Barua yako imefika siku mbili baada ya nyingine kutoka mtaa wenu, na sikupata taabu kuzipatanisha.

Kunyamaza kwako nakusamehe nusu, kwa sababu ya wale vikongwe. Lakini la Malindi ni lako kuliko la mtoto: yeye alidanganya akiwa amebanwa kati ya viazi na kuku, wewe ulidanganya umekaa. Mpigie simu bwana huyo mwenyewe wiki hii, umwombe radhi kwa neno lililo wazi, wala usimwekee lawama msichana. Kuhusu kungoja waje kuungama, usingoje. Watu wawili wenye hofu wakija kwa mtu aliyekuwa akiwacheka kimoyomoyo kwa wiki sita, hiyo si maungamo tena bali ni mchezo wa pili, na huo utakuwa wako. Waambie kabla hawajafungua kinywa, na mama yake kijana awepo, kwa kuwa halua mliipika wawili.

Kabla ya kuzichapa barua hizi pamoja nilimpigia simu yule wa kwanza, nikamsomea ya shangazi yake na kumwomba ruhusa. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Kisha akaniuliza jambo moja tu, kwamba barua ile imeandikwa tarehe ngapi. Nilimtajia. Akaniomba nimngojee kidogo achukue kalamu.